Bango Moja, Siku Tatu

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimeijua kazi niliyozaliwa nayo. Imenichukua miaka hamsini na tatu, lakini imepatikana!

Nilikuwa napita karibu na bandari hapa Kismayu, sina hili wala lile, nikaona watu wamejaa mbele ya ukuta wa daktari wa meno. Nikadhani pana ugomvi. Kumbe ni Rawda, yule binti mchora mabango, anachora taya. Taya tu! Meno yote, fizi nyekundu, na jina la daktari juu yake, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Mzee mmoja ana mkate mkononi, amesahau kuula. Mimi maishani mwangu nimetazamwa na umati mara moja tu, Mombasa, siku nilipoanguka kutoka juu ya paa la watu.

Nimenunua brashi tatu, mkebe wa nyekundu na mkebe wa buluu. Nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, tangu leo ni karakana ya mabango.

Safiyya hakupandisha sauti. Mke wangu hapandishi sauti. Ndiyo silaha yake. Alisema chumba kile ameshaweka unga na karai, atauza chai na mahamri, na mimi mwenyewe nilikubali. Nikasema nilikubali kabla sijaona taya. Akanikumbusha barafu (iliyeyuka), kuku (walikwenda kwa jirani wakapapenda) na mashine ya miwa, ambayo hadi leo imekamua vidole tu. Nikasema yale yalikuwa majaribio.

Kaka yake, Mahdi, yuko kwetu. Amekuja na mashua yake kutoka kisiwa cha Kudhaa kuifanyia matengenezo. Yeye ndiye aliyeleta wazo la mkataba. Bango moja la mkono wangu lisimame siku tatu, zima, halijafutwa wala kung'olewa, kabla ya kumalizika sala ya Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Likisimama, chumba changu. Lisiposimama, chumba cha Safiyya, nami naenda Kudhaa na Mahdi kutia papa chumvi. Mahdi alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Acheke! Yako mabango mjini yana miaka ishirini. Mimi nadaiwa siku tatu.

Jumapili, 12 Januari

Nimekwenda kujifunza kwa Rawda. Ana umri wa binti yangu wa pili, ananiita ami, na ananiamrisha kama nahodha. Nilidhani tutaanza na herufi. Ameniweka mbele ya kipande cha bati kuukuu akaniambia nipige mistari. Juu kwenda chini. Mistari tu! Nilipomaliza arubaini akainamisha kichwa akaitazama. Akasema, ami, mistari yako imeshuka mashuani sasa hivi, bado inayumba.

Mwezi wa kwanza ni mistari, akasema. Wa pili ni mviringo. Herufi mwezi wa tatu, inshallah. Mimi nina siku kumi na mbili.

Halafu akanionyesha siri ya kazi, nayo inachosha. Unahesabu herufi na nafasi zake. Unapima ukuta. Unapiga uzi wa chaki. Kisha unaanza na herufi ya katikati, unatoka nayo huku na huku, ili jina likae sawasawa. Nikamwambia hayo ni ya watu wasio na jicho. Babu yangu alikuwa fundi wa mashua kule Chula, hakushika futi maisha yake yote, na mashua zake zilifika Mombasa na kurudi.

Rawda akasema, naam ami, lakini hakuna aliyetakiwa kuzisoma.

Jumatatu, 13 Januari

Mistari. Mistari. Mistari. Saa sita nikaiacha brashi kwenye bati. Rawda akasema mkono wangu unakwenda kwa gari na jicho linafuata kwa miguu. Nikamshukuru kwa mafunzo. Siku mbili zinatosha mtu mwenye kipaji.

Wakati nafunga vitu vyangu nikamsikia akizungumza kwenye simu: wiki ijayo atachora hoteli ya Kulthumu, karibu na pale samaki wanaposhushwa.

Wiki ijayo! Mimi nina kesho.

Jumanne, 14 Januari

Nilimwambia Kulthumu nitamchorea bure. Alikubali kabla sijamaliza neno. Anataka jina lake, na chini yake samaki aina ya nguru. Akasisitiza picha. Wateja wake wengi ni madereva kutoka bara, wao hutazama picha kwanza, jina baadaye, na pengine wasilitazame kabisa.

Nilianza na jina. Kutoka kushoto, bila uzi, kama mwanamume. Herufi ya kwanza kubwa. Ya pili nikaona isionewe, nikaifanya kubwa zaidi. Jina likala ukuta, samaki akabakiwa na nafasi ya sinia moja.

Nguru ni samaki mrefu. Nilimfupisha. Akaonekana ana njaa, nikamnenepesha. Rangi ikadondoka tumboni, nikaigeuza madoa, hapo nilijipongeza. Mdomo ulikuwa mtupu, nikamtia meno manne. Jicho lilitoka lenyewe.

Madereva wa Jilib wakapiga makofi. Mmoja akaniita adeer, yaani ami kwa Kisomali, akasema hajapata kuona samaki mwenye afya kama huyu. Nimerudi nyumbani nimejishika kiuno. Nimemwambia Safiyya aanze kuhamisha unga.

Jumatano, 15 Januari

Watu wa mji huu hawastahili sanaa.

Asubuhi wavuvi wetu walikuja kunywa chai kwa Kulthumu. Wakasimama mbele ya ukuta. Hakuna aliyeingia. Wa kwanza akamuuliza Kulthumu tangu lini amechoka na wateja. Wa pili akauliza bunju wa leo ni wa kukaanga au wa nazi, ili nyumbani wajue la kusema kwenye matanga.

Bunju! Yule samaki wa sumu anayejifura kama mpira, ambaye kila mtoto wa kwetu anafundishwa kumwogopa kabla hajafundishwa kuogelea. Ukimla unazikwa sahani haijaoshwa.

Nikasema ni nguru. Wakasogea. Wakahesabu meno, manne, mawili juu mawili chini, kama ya bunju. Wakatazama tumbo. Wakatazama madoa. Nikasema ni nguru mwenye mimba. Mzee mmoja akavua kofia, akasema kama yule ni nguru basi yeye ni mkizi, na anaomba arudishwe majini.

Madereva waliendelea kula mpaka walipouliza kwa nini Wabajuni wote wamekaa ng'ambo ya barabara. Wakaambiwa. Adhuhuri hoteli ilikuwa na watu wawili: Kulthumu, na mimi. Yeye alikuwa na upawa. Aliniambia maneno ambayo mwanamke aliyehiji hapaswi kuyajua, kisha akaita chokaa.

Bango langu liliishi kutoka alasiri hadi adhuhuri. Nasema tena, alikuwa nguru.

Alhamisi, 16 Januari

Rawda alikuja nyumbani. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliuliza tu, ami, samaki wanashushwa hatua hamsini kutoka pale, kwa nini hukwenda kumtazama nguru mmoja? Nikamwambia mchoraji hatazami, mchoraji anakumbuka. Akasema bati langu bado liko pale pale, nikitaka kurudi.

Sikutaka. Nimehesabu siku. Lazima bango liwe limesimama ifikapo Jumanne, la sivyo najikuta na papa.

Safiyya ameleta sufuria mbili mpya, ameziweka katika karakana yangu. Nimezitoa. Amezirudisha. Nimezitoa tena. Tunapishana mlangoni na sufuria.

Ijumaa, 17 Januari

Nimepata!

Mashua ya Mahdi imepandishwa ufuoni. Haina jina. Binti yake, Tasnim, yuko Uholanzi na watoto wake, na kila Idi anamwomba babake picha ya mashua yenye jina lake. Baada ya sala nikamwambia Mahdi: mimi hapa.

Akasema afadhali mashua izame haina jina kuliko ielee na mkono wangu. Nikamwambia hakuna samaki katika kazi hii, herufi tupu. Nikawataja wajukuu wake. Hapo akalainika. Safiyya, ambaye ndiye hakimu wa mkataba, aliulizwa kama jina la mashua ni bango. Akasema ni bango. Akatabasamu.

Mwanamke mwema sana, nikawaza.

Jumamosi, 18 Januari

Kazi imekwisha na ni nzuri, nzuri, nzuri!

Safari hii nilitumia uzi wa chaki. Sitaki Rawda ajue. Chaki haikukamata ubao. Nikasema chaki mbovu. Rangi nayo ilikuwa ikijikunja kwenye brashi, inajikusanya matone matone kama imeona aibu. Nikaitia nyingi. Mkono wa pili, wa tatu, wa nne. Ikatulia. Ubao ulinuka, lakini pwani yote inanuka, na mimi si mtu wa kuchagua harufu.

TASNIM! Nyekundu, na kivuli cha buluu. Hata Mahdi alitoa simu. Akapiga picha, akamtumia binti yake, na dakika tano baadaye simu ikalia, na binti analia, na Mahdi analia, na mimi nimesimama pembeni nikifuta brashi kama mtu aliyezoea.

Jumapili, 19 Januari

Rangi haijakauka. Kaskazi ina unyevu.

Jumatatu, 20 Januari

Jua lilipopanda, herufi zikaanza kuteremka.

Si zote pamoja. Kila moja kwa mwendo wake. Ya kwanza ilishuka taratibu, kwa heshima. Ya katikati ikaipita. Watu wa ufuoni walileta vikombe vyao wakaketi. Wakachagua kila mtu herufi yake, wakawa wanazishangilia! Alasiri jina la mpwa wa mke wangu lilikuwa limelala mchangani, jekundu, na kivuli chake cha buluu kimelala kando.

Mahdi akaniuliza kwa upole kama najua mashua yake ilipakwa nini Jumatano iliyopita. Ilipakwa sifa. Mafuta ya maini ya papa, yale tunayolishia mbao ili bahari isizile. Ubao uliokunywa sifa haushiki rangi mpaka wiki zipite. Akaendelea kwa Kibajuni chetu: ni mchu gani huyu, mjukuu wa fundi, aliyelelewa juu ya mashua, pua anayo, anasimama kutwa nzima juu ya sifa mbichi asijue? Wakaketi wote kusubiri jibu. Nikasema Mombasa tulitumia rangi tofauti.

Jioni nikamuuliza Safiyya kama alijua. Akasema alijua, ndiye aliyelipeleka pipa la sifa. Kwa nini hakuniambia? Akasema, mume wangu, ungeuliza.

Lakini picha iko Uholanzi! Kule jina limesimama, na litasimama milele. Nilimwomba hakimu alihesabu hilo. Amekataa.

Jumanne, 21 Januari

Siku ya mwisho ya kuanza. Watu wengine wangekata tamaa. Mimi nimeamka nikicheka.

Mkataba hausemi ukuta wa nani! Nimeandika kwangu mwenyewe, mbele ya chumba chenyewe: ATHMAN BADI, BINGWA WA MABANGO. Hakuna wa kunifutia. Nilianza kushoto, herufi pana zenye mabega, maana bingwa haandiki kidogo. Ukuta ukaisha kwenye BINGWA. Sikusita. Nikaendelea juu ya mlango. Mlango ni ubao mzuri, hauna sifa, rangi imekamata mara moja.

Safiyya alitoka, akasoma polepole mpaka mwisho. Akashika komeo akaufungua mlango. Nusu ya bango ikaingia ndani ya nyumba. Akasema bango ambalo nusu yake iko ndani si zima, na mkataba unasema zima.

Vema. Basi mlango hautafunguliwa mpaka Ijumaa.

Niko ndani sasa. Nimetia komeo kwa ndani. Chumba hiki hakina njia nyingine ila dirisha dogo la uchochoroni, nalo napita, nikijibana. Nimeketi juu ya gunia la unga la adui. Nje naona vivuli vya watu wanaosoma jina langu. Nimeshinda vita kabla havijapigwa.

Jumatano, 22 Januari

Siku ya kwanza ya kuzingirwa. Mahdi amenijia dirishani, akaniuliza kama nimefungwa au nimejifunga. Nikamfungia dirisha.

Safiyya hana kinyongo. Ameniletea mahamri kumi na mbaazi za nazi. Nikala yote. Nikatoka dirishani kwenda msalani, nikarudi. Bango zima.

Alhamisi, 23 Januari

Asubuhi mahamri kumi na tano. Mchana wali na samaki wa kupaka. Alasiri sambusa, halafu halwa ambayo hatujaipika tangu harusi ya binti. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna, anafanyia mazoezi biashara ambayo haitakuwapo. Nilimhurumia. Nilikula ili asijisikie vibaya.

Dirisha limekaza kidogo. Unyevu huu wa kaskazi unavimbisha mbao.

Rawda alipita barabarani akasimama mbele ya bango. Nilimchungulia kwenye upenyo wa mlango. Alipima kwa kidole gumba, kutoka neno hadi neno, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu!

Ijumaa, 24 Januari

Naandika nimelala kifudifudi. Kwingine kunauma.

Saa sita nikavaa kanzu, ile ya Idi, aliyoniletea Safiyya imetiwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Sala haiachwi, hata na mtu aliyezingirwa. Ilibaki saa moja tu! Nikatoa kichwa dirishani. Nikatoa mabega. Nikatoa tumbo nusu. Nusu ya pili ikakataa.

Uchochoro ule ndio njia ya msikiti. Jamaa wote wa mtaa walipita. Kila mmoja alinitolea salamu, na salamu lazima ijibiwe, kwa hiyo nilijibu, mmoja mmoja, nikining'inia. Wavuvi wa juzi nao walipita. Yule mzee mkizi akauliza kama hili ndilo bango jipya, maana linafanana zaidi kuliko lile la kwanza.

Mahdi alinivuta mikono. Wengine wakamvuta Mahdi. Kanzu ikapasuka, mimi sikutoka. Ikaamuliwa kwamba lazima mtu anisukume kwa nyuma. Kwa nyuma ni ndani. Ndani ni komeo. Nikapiga kelele, msiguse mlango! Nikae hapa! Saa moja tu, naweza kusali kwa ishara! Mahdi akasema hawezi kwenda msikitini akamwacha shemeji yake ukutani kama mjusi.

Nilisikia mabega yao. Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mlango ulitoka na bawaba zake, ukaanguka ndani, na wapita njia wakasoma ukutani ATHMAN BADI, BINGWA, na sakafuni WA MABANGO.

Nilipofika msikitini imamu alikuwa ameshatoa salamu ya mwisho.

Jumamosi, 25 Januari

Chumba ni cha Safiyya. Nimekitoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikirudisha sufuria moja moja. Asiseme mtu kwamba Athman havunji mkataba kwa kuwa hawezi. Hauvunji kwa kuwa hataki.

Rawda alikuja mchana kuandika bango la mahamri. Alipima. Akapiga uzi. Akaanza na herufi ya katikati, akatoka huku na huku, na herufi ya mwisho ikakaa ukingoni kana kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili yake. Watu walijaa. Mimi nilisimama nyuma yao na hamri mkononi. Baadaye nikagundua sijaliuma.

Kabla hajaondoka akaniambia, ami, ukienda Kudhaa chukua lile bati. Mistari mia kwa siku, kwa mwaka mmoja, na mkono wako utatulia. Alisema kwa moyo safi kabisa. Nikamwambia nitalifikiria. Nikalifikiria mpaka kona ya msikiti, nikalisahau.

Jumatatu, 27 Januari

Kudhaa. Tulifika jana. Papa, papa, papa. Chumvi imeingia kila palipochubuka, na nimechubuka pengi.

Lakini leo baada ya alasiri nilizunguka kisiwa, na nimeona jambo ambalo watu wamepita mbele yake karne nzima bila kuliona. Hakuna bango! Hata moja! Nyumba hazina majina. Duka halina jina. Nilimuuliza mwenyewe linaitwaje akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Nikamuuliza Shamsa, mke wa Mahdi. Akasema hapa kila mtu anamjua kila mtu, na nyumba yake, na mbuzi wake, bango la nini? Nikamwambia ndivyo walivyosema watu wa Kismayu kabla ya bango la kwanza. Sina hakika kama walisema.

Kisiwa kizima, na hakuna mshindani!

Mahdi amekwenda Ras Kamboni, harudi mpaka keshokutwa. Shamsa yuko kwa mamake. Na ukuta wao wa mbele umepakwa chokaa juzi, mweupe, mpana, kimya. Nitawaandikia jina lote, la Mahdi na la babake na la babu yake, pamoja na kazi yake, ili mgeni asipotee.

Nimeanza kushoto. Kupima ni kupoteza mwanga wa jua. Herufi ya kwanza imetoka nzuri kuliko zote nilizopata kuandika, haikuyumba hata kidogo, mwenyewe nilirudi nyuma nikaitazama. Imekula ukuta wote.

Hakuna neno. Zilizobaki zitaendelea kwenye ukuta wa jirani. Jirani yuko baharini, ataziona akirudi.